Rangi ya Chopa ni Ushahidi: Kwa Nini Skini Yako Inafaa Kuwa na Tarehe

Kuna msee ataangalia skini ya helikopta ya kijeshi kwenye simuleta na aseme, "Ni rangi tu, si iruke." Mimi nakataa. Ukishaandika namba ya mkia kwenye chopa, umeshatoa ushahidi. Umesema ndege hii ilikuwepo, ilikuwa na sura hii, ilikuwa mahali fulani siku fulani, na kulikuwa na watu ndani yake. Swali linalobaki ni kama ushahidi wako ni wa kweli.

Kwa wale hawajawahi kugusa hizi vitu: kwenye simuleta kama DCS World, X-Plane au Microsoft Flight Simulator, helikopta ni umbo ambalo limevalishwa picha. Ile picha ndiyo tunaita skini. Ukiifungua kwenye GIMP au Photoshop, unaona ngozi ya chopa imekatwa na kulazwa kama kitenge juu ya meza ya fundi: mlango hapa, mkia pale, pua kwenye kona. Unapaka unachotaka, unahifadhi, unaingia kwenye gemu, na chopa imebadilika jeshi. Inachukua jioni moja kufanya vibaya na wiki kadhaa kufanya vizuri. Tofauti ya hizo wiki ndiyo historia yenyewe.

Tuanze na 1982

Nachagua 1982 kwa sababu mwaka huo vitu 3 vilitokea ambavyo vinatuhusu. Kuanzia 2 Aprili hadi 14 Juni, Uingereza na Argentina zilipigania visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas. Tarehe 1 Agosti, hapa kwetu, askari wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali. Na mwezi wa Novemba, Microsoft ikatoa Flight Simulator yake ya kwanza, Cessna kwenye kompyuta za IBM. Hakuna aliyekuwa anapaka skini wakati huo, rangi zenyewe zilikuwa za kuhesabu na vidole.

Sasa kuna Chinook moja ambayo kila mpaka-skini anafaa kuijua. Namba yake ni ZA718, na kwa herufi zake za BN imejulikana kama Bravo November. Uingereza ilipeleka Chinook vitani kwa meli ya mizigo iliyoitwa Atlantic Conveyor. Tarehe 25 Mei 1982 meli hiyo ikapigwa kwa Exocet, makombora yaliyorushwa na ndege za Argentina. Mabaharia 12 walikufa. Chinook 3 ziliungua ndani ya meli, pamoja na helikopta nyingine, vipuri, vifaa vya mafundi na vitabu vyao. Bravo November ilipona kwa sababu moja tu: ilikuwa hewani wakati huo.

Kuanzia siku hiyo, hiyo chopa moja ikabeba kazi iliyopangwa kufanywa na kundi zima. Bila vipuri. Bila hata kitabu cha maelekezo. Ilibeba takriban wanajeshi 1,500 na mateka wa vita takriban 650. Kuna safari moja ambapo wanajeshi 81 waliingia ndani, wamesimama wamebanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni, na ikaruka.

Mpaka hapo unaweza kusema, poa, nitapaka rangi ya kijani na kijivu, niandike BN, kazi imeisha. Lakini nikuulize: BN ya tarehe gani?

Usiku wa 30 Mei 1982, ikitoka kupeleka mizinga karibu na Mount Kent, BN iliingia kwenye theluji nzito na ikagonga maji ya bahari kwa kasi. Rubani, Dick Langworthy, na rubani msaidizi wake walifanikiwa kuinyanyua tena. Katika zile sekunde, mlango wa rubani msaidizi ulitupwa nje ili watu waweze kutoka kama ingezama. Kwa hivyo BN ya 29 Mei na BN ya 31 Mei si kitu kimoja. Ya kwanza ina mlango. Ya pili ina pengo, na mwili wake umebonyea. Skini nzuri inaweza kuwa na tofauti ya mlango mmoja tu, na ndani ya huo mlango kuna usiku mzima wa watu waliodhani wanakufa.

Na si hayo tu. BN iliendelea kufanya kazi kwa miaka 40. Ilienda Iraq, ikaenda Afghanistan. Marubani 4 waliokuwa wakiiongoza katika hizo vita 3 walitunukiwa nishani ya ushujaa ya DFC. Mwaka wa 2022 ikastaafu na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la RAF kule Cosford. Katika safari hiyo yote ilibadilishwa injini, vyombo, jina la aina yake na rangi. Ukienda leo Cosford ukaipiga picha, halafu ukaitumia picha hiyo kupaka skini ya "Falkland 1982", umechanganya mjukuu na babu. Ni mtu mmoja kwa ukoo, lakini sura zimepishana.

Ndiyo maana nasema skini lazima iwe na tarehe. Usiseme "Chinook ya Waingereza." Sema "ZA718, wiki ya mwisho ya Mei 1982." Ukishataja tarehe, kila kitu kingine kinaanza kujipanga chenyewe.

Umbo likikataa, rangi haisaidii

Hapa ndipo wengi wanateleza. Chinook iliyoko DCS ni CH-47F ya Marekani, ambayo iliingia jeshini zaidi ya miaka 20 baada ya vita vya Falkland. BN ya 1982 ilikuwa HC.1. Ukipaka F rangi ya HC.1, unapata mzee aliyevaa sare ya shule. Unaweza kufurahia, unaweza kuruka nayo, lakini usiandike "sahihi kihistoria" kwenye maelezo.

Huey ina shida hiyo hiyo. Huey iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 1956, na tangu hapo imezaa ukoo mzima. UH-1B ni fupi. UH-1H ni ndefu, mlango wake wa pembeni ni mpana na una madirisha 2. Gemu nyingi zinakupa H. Sasa msee anatafuta picha ya Huey ya mashambulizi ya Vietnam ya miaka ya mwanzo, iliyojaa roketi, anaona ni B, na anabandika alama zake zote kwenye H. Kwa mbali inapendeza. Kwa karibu ni uongo wenye madirisha 2.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hujachagua hadithi, angalia umbo ulilonalo, kisha tafuta ndege halisi ya umbo hilo. UH-1H zilitengenezwa kwa maelfu na zimetumiwa na majeshi mengi duniani. Huwezi kukosa moja yenye hadithi inayolingana.

Namba za rangi zinasema zaidi ya rangi

Watu wengi huanza kwa kuvuta rangi kutoka kwa picha. Usifanye hivyo. Filamu za zamani zinabadilika, zile za miaka ya sitini zinageuka nyekundu au bluu kadiri zinavyozeeka, na mtu aliyeiskani naye ameongeza zake. Picha itakuambia alama iko wapi na ina ukubwa gani. Rangi yenyewe itafute kwenye viwango.

Jeshi la Marekani lilitumia kiwango kilichoitwa Federal Standard 595. Kila rangi ina namba ya tarakimu 5. Tarakimu ya kwanza inakuambia mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai kabisa. Ya pili inakuambia kundi, na 4 ni kijani. Kwa hivyo 34087 na 24087 ni ile ile olive drab ya jeshi, ila moja haing'ai na nyingine inang'aa kiasi. Waingereza nao walikuwa na chao, British Standard 381C, chenye majina na namba zake.

Mng'ao ndio unaoumiza. Kwenye simuleta za leo, skini haina picha moja. Kuna ya rangi, na kuna nyingine inayoambia kompyuta uso wa chopa unavyopokea mwanga. Kwenye DCS, faili hiyo ya pili inabeba habari kwa chaneli: kijani inasema uso ni laini au una ukwaruzo kiasi gani, bluu inasema ni chuma au si chuma. Ukipata 34087 sawasawa halafu ukasahau chaneli ya kijani, Huey yako itang'aa kama Subaru imetoka car wash Jumamosi. Tarakimu ile ya kwanza, 3, ilikuwa imeshakuambia ising'ae. Na kwa nini jeshi halikutaka ing'ae? Kwa sababu mtu aliye msituni na bunduki anaona mng'ao kabla ya kuona ndege.

Hata alama zina sababu kama hiyo. Mwanzoni Huey nyingi za Marekani zilikuwa na maandishi meupe na ya manjano yanayoonekana vizuri. Vita vilipozidi, maandishi yakageuzwa meusi ili yasionekane kwa urahisi. Mwaka wa 1982, helikopta nyingi za jeshi la majini la Uingereza zikiwa njiani kuelekea Falkland zilifutwa ule weupe kwenye duara la taifa, ikabaki bluu na nyekundu. Ukiona weupe unatoweka kwenye ndege za nchi fulani, jua kuna mtu ameamua kwamba sasa ni vita kweli. Hiyo ni historia unaweza kuisoma bila kusoma neno hata moja.

Halafu kuna uchafu. Huey hutoa moshi nyuma, kwa hivyo masizi yanalala juu ya mkia. Rangi inachubuka pale watu wanapokanyaga wakipanda. Nyanda za juu za Vietnam zina udongo mwekundu unaofanana na murram yetu, na unashika tumbo la chopa. Usimwage uchafu kila mahali kama chumvi. Jiulize kila doa limetoka wapi. Kama huwezi kujibu, lifute.

Msalaba mwekundu na roketi

Sasa tufike mahali ambapo mimi hukasirika kidogo.

Vietnam kulikuwa na helikopta za kubeba majeruhi zilizojulikana kwa jina la redio la Dust Off. Kikosi chao cha kwanza, 57th Medical Detachment, kilifika 1962. Kamanda wake, Meja Charles Kelly, aliuawa tarehe 1 Julai 1964 akiwa ameenda kuchukua majeruhi huku risasi zikipigwa. Huey zao zilikuwa na msalaba mwekundu kwenye mraba mweupe. Ile alama inalindwa na Mikataba ya Geneva. Maana yake ni kwamba ndege hii haikuja kushambulia, usiipige.

Halafu unapata skini yenye msalaba huo juu ya Huey iliyojaa roketi kila upande, kwa sababu "inakaa fiti." Hapana, bwana. Ndege ya kweli ikifanya hivyo ni uhalifu wa kivita. Ukipaka hivyo na kuiita historia, umewasingizia watu waliokufa wakifanya kinyume cha hicho.

Mfano mwingine. Tarehe 16 Machi 1968, wanajeshi wa Marekani waliua raia katika kijiji cha My Lai. Jeshi la Marekani lilihesabu 347, Vietnam inasema 504. Rubani mmoja, Hugh Thompson, pamoja na wenzake Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, aliona kinachotokea kutoka juu. Akatua kati ya wanajeshi wa nchi yake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia. Akaita Huey za mashambulizi zilizokuwa zikimlinda zishuke, na zikabeba wanakijiji wale kuwaondoa. Andreotta aliuawa vitani wiki chache baadaye. Nishani ilikuja 1998, miaka 30 baada ya siku ile.

Sasa Thompson alikuwa anarusha nini? Alikuwa kwenye OH-23, chopa ndogo ya upelelezi yenye kichwa kama kipira cha kioo, watu 3 wamekaa bega kwa bega. Ukiandika jina lake kwenye Huey kubwa yenye silaha, umepoteza kiini cha hadithi. Jamaa alisimama mbele ya bunduki za wenzake akiwa na kitu chembamba kama chafu. Udogo wa ile ndege ni sehemu ya ujasiri wake. Na Huey zilizobeba wanakijiji zinastahili skini yao wenyewe, kwa sababu zilikuja kupiga risasi na zikaishia kuokoa.

Na kwetu je?

Hii sehemu ndiyo inanigusa zaidi. Mtoto wa Manchester akitaka kupaka Bravo November, ana jumba la makumbusho, vitabu na picha za kila mwaka. Wewe wa Umoja ukitaka kupaka chopa ya Kenya ya 1985, unaanza na nini?

Unaanza na unachojua. Kenya Air Force ilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, ilivunjwa na kuundwa upya kwa jina 82 Air Force. Jina la zamani lilirudi 1994. Kwa hivyo skini yoyote ya kati ya 1982 na 1994 yenye jina la jeshi, uliza maswali kabla ya kuiamini. Na zile Hughes 500 MD, kachopa kadogo kenye kichwa kama yai, nyingine zikiwa na makombora ya TOW ya kupiga vifaru, zilirushwa na 50 Air Cavalry Battalion. Hicho kilikuwa kikosi cha Kenya Army. Ukiandika "Air Force" ubavuni umeshakosea nyumba, hata kama rangi yako ni safi.

Angalia venye tarehe moja inabeba mengi. Watu wa rika letu tunasikia "82" kama jina la hadithi za wazee. Lakini ukikaa chini na swali dogo kama "niandike nini kwenye mkia wa ndege ya 1983?", unajikuta umefungua mlango wa mahakama za kijeshi, wa kikosi kizima kilichofutwa jina, wa taifa lililoamua hata herufi zibadilike. Hakuna mtihani wa historia umewahi kuniuliza swali kali kama hilo.

Tahadhari mbili tu. Ya kwanza: usiende kusimama nje ya kambi na simu ukitafuta namba za mkia. Maeneo yaliyolindwa yana sheria yake na utajieleza polisi usiku mzima. Tumia picha za sherehe za Madaraka na Jamhuri, magazeti ya zamani, na albamu za familia za watu waliostaafu, kwa ruhusa yao.

Ya pili ni ya heshima. Tarehe 18 Aprili 2024, Huey ya jeshi letu ilianguka Elgeyo Marakwet. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine 9 walifariki. Wawili waliokoka. Kuna familia 10 ambazo ile namba ya mkia kwao ni kama jina kwenye kaburi. Ukitaka kuipaka kama kumbukumbu, ipake safi, andika tarehe, na uiache ipumzike. Usiiweke kwenye gemu ili watu wailipue wakicheka. Nchi ni ndogo, na kuna mtoto wa mmoja wao ambaye pia anacheza.

Kwa hivyo kabla hujatoa skini yako ijayo, weka faili fupi ya maandishi ndani yake. Andika ndege gani, namba gani, tarehe gani. Andika rangi umezitoa wapi. Andika kipi umekiona kwenye picha na kipi umekikisia, kwa mfano upande wa kulia ambao hakuna aliyeupiga picha. Kama ni ya kubuni, sema ni ya kubuni, na uipe namba ambayo haijawahi kubebwa na mtu. Skini ya kubuni si dhambi. Dhambi ni kuivalisha jina la marehemu.

Miaka 20 ijayo kuna mtoto atatafuta chopa za Kenya zilikaa aje, na huenda kitu cha kwanza atakachokiona ni ile skini uliyoipaka usiku ukiwa na bando ya mwisho. Atakuamini. Mpe kitu cha kuaminika.